Sura ya Saba: Mashahidi Watatu wa Mnyororo

"Mwongo mimi namjua kabla hajafungua mdomo," Inspekta alimwambia Mkurugenzi wa Kituo cha Huduma, huku akijivutia kiti bila kukaribishwa. "Namjua kwa anavyomeza mate. Hajazaliwa wa kunipita." Akakaa, akaweka mkoba mapajani, akafikiri kidogo. "Isipokuwa marehemu mume wangu. Huyo alikuwa akiniaga anakwenda zamu ya usiku kiwandani, nami namfungia na chakula, mpaka siku nilipopita pale nikakuta kiwanda kimeota nyasi mpaka kwenye paa. Lakini tumwache apumzike. Alikuwa na kipaji."

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, aliyepandishwa cheo haraka mpaka akawa bado anajishangaa kwenye kioo. Na kioo alikuwa nacho cha kutosha. Ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa wa kioo, ili aweze kuuona ukumbi wa huduma bila kusikia kelele zake: madirisha ya makarani, mabenchi ya wanaosubiri, na juu ya vichwa vyao televisheni pana kama mlango, yenye maandishi ya kijani. MAOMBI YANAYOSUBIRI: 0.

"Shangazi," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kutokea, "nikueleze kwa lugha nyepesi."

"Nieleze. Nzito siku hizi inaniumiza mgongo."

"Hii ni teknolojia ya blokucheni. Hapa kwetu tunaiita Mnyororo. Zamani hati ya nyumba ilikuwa karatasi kwenye faili. Mtu anaongea vizuri na karani, faili linapata miguu. Sasa kila nyumba inapohama mikono, habari inaandikwa kwenye pingili. Pingili inafungwa na ile iliyoitangulia, na nakala inakaa kwenye kompyuta za ofisi tatu: Ardhi, Manispaa na Wakili wa Serikali. Ukichezea moja, zile mbili zinakusuta. Haifutiki, haichaniki, hailiwi na panya."

"Na nyumba ya fundi?"

Mkurugenzi akageuza skrini kidogo, kama anavyogeuza sahani mtu asiyetaka kugawa. "Mwenye nyumba ameweka kidole gumba. Ofisi tatu zimethibitisha. Nyumba ni ya shemeji yake. Mnyororo haudanganyi."

"Sijasema unadanganya, mwanangu. Sanduku halidanganyi. Nauliza nani kaweka nini ndani."

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe, na haikuwa na damu wala bunduki. Fundi cherehani, mwanamke aliyefiwa na mume, alikuwa anatolewa nyumbani kwake leo alasiri. Mnyororo ulisema kwamba yeye mwenyewe, kwa hiari yake na kwa kidole chake, alimpa mdogo wa marehemu nyumba yake yote, na bafu, na mti wa uani. Fundi alisema hakumpa mtu hata dirisha.

"Kuthibitisha ndio kufanyaje?" Inspekta aliuliza.

"Ombi likifika, mthibitishaji wa ofisi anampigia simu mwenye nyumba. Anamsomea. Anamsikia kwa masikio yake mwenyewe akisema, nakubali. Ndipo anachomeka ufunguo wake kwenye kompyuta, kijiti cha plastiki kama flashi, anabonyeza. Bila hivyo vijiti vitatu hakuna pingili. Mashahidi watatu, ofisi tatu, mitaa mitatu."

"Fundi anasema hakupigiwa na yeyote. Nimeikagua simu yake."

"Simu inafutika, Shangazi. Mnyororo haufutiki."

"Kwa hiyo kati ya mama na mashine, mwongo ni yule mwenye uwezo wa kusahau."

"Umesema wewe."

Inspekta akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia skrini. Majina ya ofisi tatu yalikuwa yamepangwa moja chini ya jingine, kila moja na saa yake ya kuthibitisha. Akayatazama muda mrefu kama mtu anayechagua mchele.

"Mbona hizi saa zimebanana hivi, kama vifaranga kwenye baridi? Ardhi, hapohapo Manispaa, hapohapo Wakili."

"Mfumo una kasi."

"Mfumo una kasi, nakubali. Lakini mama wa watu simu anayo moja. Watu watatu wamempigia, wamemsomea, amewajibu, yote ndani ya muda ambao mimi bado nafunga kandambili? Huyo mama atakuwa na vinywa vitatu. Nilipomwona nilihesabu kimoja."

Mkurugenzi akameza mate. Inspekta akaona. Kabla hajasema, simu yake ikaita mkobani. Alikuwa Mkuu wa kituo chake cha polisi.

"Uko wapi?" Mkuu aliuliza.

"Napata mafunzo ya kompyuta, Mkuu."

"Funga hilo jalada. Alasiri natoa vijana wasimamie uhamisho. Amri ya mahakama iko mezani kwangu, na amri imetokana na Mnyororo. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana, Mkuu, ndiyo maana nakataa. Ningekuwa sikusikii vizuri ningeweza kukosea nikakubali."

"Wewe mama utanistaafisha."

"Tutastaafu wote. Ila mwenzetu mmoja leo atakuwa hana pa kulala." Akakata simu, akamtazama Mkurugenzi. "Salamu zako."

*

Fundi alikuwa kibarazani kwake, nyuma ya cherehani, anakanyaga kama vile anakimbizwa. Nyuzi zilikuwa zimemganda kwenye nywele. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, wabebaji wawili wakipiga soga kwenye kivuli chake. Mlangoni palikuwa na alama nne za gundi, lakini karatasi haipo.

"Amri ya mahakama ilibandikwa hapa," Inspekta alisema.

"Ilibandikwa. Karatasi ngumu, nzuri." Fundi aliinua kipande kilichokatwa upinde upinde. "Nimekatia kipimo cha kola. Nina mashati ya shule ya kumaliza."

"Dada, hiyo ni mali ya mahakama."

"Na hii ni nyumba yangu. Wakirudisha yangu, nitawarudishia kola yao." Akang'ata uzi. "Waambie wakija waje wengi. Mimi sitoki juu ya hiki kiti. Watanibeba na cherehani, nami nitakuwa nakanyaga."

Inspekta akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Turudi kwenye kidole. Mnyororo una kidole chako. Si cha kuchora, ni chako. Kiliingiaje?"

Fundi akasimamisha gurudumu. Hapo ndipo hasira yake ilipopungua kidogo, ikaingia aibu. "Shemeji alinipeleka pale kwenye huduma, baada ya msiba. Alisema tukahakiki taarifa za kaka yake, asije akaendelea kulipishwa kodi akiwa kaburini. Dirishani wakaniambia weka kidole. Nikaweka. Wakasema haijashika, rudia. Nikarudia. Weka tena. Kidole changu kina matundu ya sindano, nikajua ndiyo sababu. Sikumbuki niliweka mara ngapi."

"Skrini uliiona?"

"Niione wapi? Skrini inamtazama karani. Mimi natazama mgongo wa skrini. Mgongoni wamebandika stika, HUDUMA KWA UWAZI. Hiyo niliisoma vizuri, nilikuwa na muda."

Inspekta alicheka mpaka ndoo ikateleza. Kisha akanyamaza, kwa sababu alielewa kwamba mambo yamekuwa mabaya zaidi. Kidole kilikuwa cha kweli. Mbele ya hakimu, kidole cha kweli ni kidole cha kweli, hata kama mwenyewe alikuwa akitazama stika. Kilichobaki ni zile simu tatu. Kama ziliwahi kupigwa, fundi amekwisha. Kama hazikupigwa, uhamisho hauna miguu.

Shemeji alikuwa amejiegemeza kwenye lori, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Alimwona Inspekta anakuja, akavaa uso wa msibani.

"Afande, mimi sina ugomvi na shemeji yangu," alianza. "Hata moyo unaniuma. Ila alinipa mwenyewe. Mnyororo umesema."

"Kazi yako nini?"

"Nasaidia watu pale kwenye huduma. Mtu hajui fomu ipi, dirisha lipi, mimi namwelekeza."

"Dalali."

"Msaidizi wa wananchi."

"Kila siku uko pale?"

"Mpaka walinzi wananiamkia mimi kwanza."

"Siku fundi alipokupa nyumba, wathibitishaji walipompigia simu, ulikuwa karibu naye?"

"Simu?" Shemeji akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za mababu. "Kwani wale wanapigaga simu?" Hapo akasikia alichokisema. Tabasamu likabaki usoni peke yake, bila mwenyewe. "Namaanisha, watakuwa walipiga. Mimi sikuwa karibu."

"Hukuwa karibu," Inspekta alirudia, taratibu, kama anayemwandikia.

Barabarani akawaza. Wazo la kwanza lilikuwa rushwa. Lakini kabla hajaondoka alikuwa amemwona shemeji huyu anaomba sigara kwa mbebaji mizigo. Mtu anayeomba sigara hawezi kununua maofisa watatu wa mitaa mitatu. Maofisa wana bei, na bei zao hazigawiki. Basi kulikuwa na kitu alichokijua kwa kukaa pale kila siku, kitu cha bure, kilichomfanya asiogope simu. Inspekta akaamua kwenda kuwatazama mashahidi wa Mnyororo machoni, mmoja mmoja.

*

Mthibitishaji wa Ardhi alikuwa bwana mnene mwenye adabu nyingi, aliyesimama mgeni alipoingia, akakaa mgeni alipokaa.

"Nilimpigia," alisema. "Nawapigia wote. Hilo ni jukumu."

"Alisemaje?"

"Alikubali."

"Kwa sauti gani?"

"Sauti ya kawaida. Ya mama."

"Vizuri. Sasa nionyeshe unavyothibitisha. Hata ombi lolote, nijifunze."

Bwana Ardhi akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa suruali, kushoto, kulia. Akafungua droo, akaifunga, akaifungua tena, labda ingebadili mawazo. "Ufunguo nimeusahau nyumbani," alisema. "Nilibadilisha suruali."

"Lini?"

"Leo."

"Basi jana uliutumia."

"Jana," alisema bwana Ardhi, na jasho likamtoka juu ya mdomo, "jana nilikuwa nimevaa hii hii."

Inspekta hakumsukuma. Alimwomba tu aje Kituo cha Huduma saa ya kwenda chakula cha mchana, na avae suruali yoyote.

Kwa Manispaa alikuta mama mmoja mchangamfu sana, aliyemwita mwenzangu tangu mlangoni. Juu ya meza yake kulikuwa na kompyuta kubwa ya Mnyororo, ile yenye nakala ya pingili zote za mji mzima. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki.

"Hii ndiyo inayolinda nyumba zetu?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mwenzangu."

"Imelala?"

"Soketi ni moja," alisema mama Manispaa bila kinyongo, akionyesha feni iliyokuwa ikizunguka pembeni. "Na wewe unaona joto lilivyo."

"Ufunguo wako?"

"Uko kwa fundi."

"Fundi gani anatengeneza kijiti cha plastiki?"

"Fundi wa vijiti," alisema mama Manispaa, kisha akaangalia feni kama inaweza kumsaidia. Haikumsaidia, ikageukia upande mwingine.

Huyo naye akaombwa aje Kituo cha Huduma. Alikubali haraka, alitaka tu mgeni atoke.

Wa tatu, mthibitishaji wa ofisi ya Wakili wa Serikali, alikuwa mzee mkavu mwenye vest ya kufuma, sweta isiyo na mikono, hata katika joto lile. Alisikiliza swali lote, akaondoa miwani, akaifuta.

"Ufunguo nilikabidhi siku ileile ya semina ya kufundishwa Mnyororo," alisema. "Sijaugusa tena."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa suruali ya tatu. Ukweli ulimkuta amekaa vibaya. "Ulimkabidhi nani?"

"Kituo cha Huduma. Tulikabidhi wote watatu. Tuliambiwa funguo zikikaa huku, mtandao ukikatika, maombi yanasubiri, na yakisubiri ile televisheni ukumbini inageuka njano. Wakubwa wakipita na wageni wakakuta njano, ni aibu. Kwa hiyo funguo ziko palepale dirishani, ombi likiingia linabonyezwa. Ubao unabaki kijani. Wanasema tumepata hata tuzo."

"Na simu?"

"Dirishani pana foleni, Afande. Nani atapiga simu na watu wanapiga kelele?"

Inspekta akaegemea kiti. Alikuwa ametafuta rushwa asubuhi nzima, akakuta uvivu umevaa tai. Mkurugenzi aliapa kuna mashahidi watatu wasiojuana, na kumbe ni mkono mmoja unaovaa pete tatu. Yeyote aliyekaa pale ukumbini muda wa kutosha angeliona hilo, na shemeji alikuwa amekaa mpaka walinzi wanamwamkia.

"Mzee wangu, utayasema haya mbele ya Mkurugenzi?"

"Hapana."

"Kwa maandishi?"

"Hapana kabisa. Nina muda mfupi umebaki nipate pensheni yangu, na nina wajukuu wanaokula kama nzige."

"Basi hutasema neno," Inspekta alisema, akisimama. "Nataka uje ukae tu kwenye kiti. Kukaa kimya hakuna aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake. Wengine wamepandishwa vyeo."

*

Mkuu wa kituo alifika Kituo cha Huduma amejaa upepo. Hakungoja alasiri, alikuwa ameshawatuma vijana nyumbani kwa fundi, na wabebaji walikuwa wameanza na kabati. Alipita mabenchi bila kusalimia, akaingia ofisi ya kioo, akamkuta Mkurugenzi amesimama, shemeji amekaa pembeni akiwa ameitwa kwa simu, na watu watatu wamepangwa kwenye viti kama wanasubiri kupigwa picha: bwana Ardhi, mama Manispaa na mzee wa vest. Mikono yote sita ilikuwa juu ya magoti. Inspekta ndiye aliyeomba hivyo.

Yeye mwenyewe aliingia wa mwisho, anajifuta kidole gumba kwa leso.

"Nimekuja kukuchukulia jalada," Mkuu alimwambia. "Na ikibidi, kitambulisho chako cha kazi."

"Vyote viko mkobani, Mkuu, ukitaka chukua na mkoba. Ila nipe muda wa kunywa maji tu. Mkurugenzi alikuwa ananieleza jambo zuri asubuhi, nataka nawe ulisikie." Akageuka. "Mwanangu, zile funguo za kuthibitisha zinakaa wapi?"

Mkurugenzi akatazama viti vitatu. Bwana Ardhi alikuwa anachunguza viatu vyake. Mama Manispaa alikuwa anajipepea kwa kiganja, akakumbuka, akakirudisha gotini. Mzee wa vest alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyeonyesha dalili ya kusema, na hilo likampa Mkurugenzi nguvu.

"Kila ufunguo uko ofisini kwake," alisema. "Mkuu, huo ndio moyo wa mfumo. Funguo hazijawahi kuvuka vizingiti vya ofisi hizo tatu. Hata mimi sina uwezo wa kuzigusa."

"Hata siku moja?" aliuliza Inspekta.

"Hata siku moja."

"Basi nimepona," Inspekta alisema. "Maana nimetoka dirishani sasa hivi. Nimeweka ombi. Nimehamisha nyumba yangu."

"Kwa nani?" Mkuu aliuliza.

"Kwa huyu Mkurugenzi. Ni nyumba ndogo, paa linavuja upande wa jikoni, lakini ana umri wa kutengeneza. Na kwa kuwa wathibitishaji wote watatu wamekaa hapa, na funguo zao ziko mbali mitaani kwao, na simu yangu haijaita, nyumba yangu iko salama. Ombi litasubiri mpaka warudi makazini. Au vipi?"

Ng'ambo ya kioo, televisheni ilikuwa imegeuka njano. MAOMBI YANAYOSUBIRI: 1. Watu wa mabenchini waliinua vichwa kuutazama ugeni ule.

Mkurugenzi alikuwa ameiona. Akafunga kifungo cha koti. "Samahani kidogo, nikaangalie mtandao."

Inspekta alikuwa ameshahamia mlangoni. Hakuwa mwanamke mkubwa, lakini alijua kusimama. "Mtandao utajiangalia."

"Shangazi, nipishe."

"Sikupishi."

"Mkuu, mwambie huyu mama anipishe, hapa ni ofisini kwangu."

Mkuu akamtazama Inspekta, akatazama ile njano, akatazama jinsi kijana alivyokuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kama mtoto aliyebanwa. Hakuwa mtu mpole, wala hakuwa mtu mjinga. "Kaa," alisema. "Na hiyo simu unayoipapasa, weka mezani."

Simu ikawekwa mezani. Shemeji peke yake ndiye hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anatazama mlango, na kati yake na mlango alikuwepo Inspekta.

Ukumbini, kwenye dirisha la katikati, karani mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Chapuchapu alikuwa ameinua macho akaiona njano. Kupitia kioo walimwona anasonya, anavuta kitu kwenye droo, anainama juu ya kompyuta yake. Bega lake likatikisika, likatulia. Likatikisika tena, likatulia. Likatikisika mara ya tatu.

Ubao ukawa kijani.

Simu iliyokuwa mezani ikatetema. Mkuu akaiokota, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wenye kiburi cha kutovaa miwani, akasoma kwa sauti. "Hongera. Wewe sasa ni mmiliki halali wa nyumba. Uhamisho umethibitishwa na Ardhi, Manispaa na Wakili wa Serikali." Akaiweka chini. Akawageukia wale watatu, akatazama mikono juu ya magoti, mmoja baada ya mwingine. "Nani kati yenu amempigia simu huyu mama?"

Mama Manispaa akatikisa kichwa. Bwana Ardhi akatikisa kichwa. Mzee wa vest akafumbua macho, akasema neno lake la kwanza na la pekee. "Hakuna."

Mkuu hakumtazama Inspekta, maana hiyo ingekuwa kama kuomba radhi. Akatoa simu yake mwenyewe, akapiga nyumbani kwa fundi. "Simamisheni. Ndiyo, simamisheni. Rudisheni kabati ndani, palepale lilipokuwa." Akasikiliza. "Kwa hiyo mwacheni ashone. Nani aliwaambia mmbebe na kiti?" Akakata. "Wewe shemeji, kaa. Wewe na mimi tuna safari ya gari moja. Tutaongea habari za kidole."

"Mimi sijabonyeza kitu," alisema shemeji.

"Ndiyo. Ulijua tu kwamba dirishani watabonyeza," Inspekta alisema.

Mkurugenzi alikuwa ameloa shingoni, lakini mdomo wake bado ulikuwa unafanya kazi. "Mkuu, hii ni hitilafu. Mfumo una hali ya dharura, mtandao ukikatika unajithibitisha wenyewe. Ni programu. Hakuna mkono wa mtu. Narudia, funguo ziko ofisini kwake kila moja."

Mlango ukagongwa mgongoni kwa Inspekta. Akasogea, safari hii kwa moyo mkunjufu. Chapuchapu akaingiza kichwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umeshika pete ya chuma, ina vijiti vya plastiki na kifungulio cha soda.

"Bosi, nimekuwekea kijani," alisema. "Nakwenda kula. Hizi nikurudishie, au nimwachie mwenzangu?"

Chapuchapu akaona wageni, akaona wathibitishaji watatu wamekaa mstari mmoja, akaanza kurudisha mkono taratibu. Mkuu akaudaka.

"Funguo za nini hizi?" alimwuliza Mkurugenzi.

Kijana akazitazama kama anaziona kwa mara ya kwanza maishani. "Za choo," alisema. "Choo cha wafanyakazi."

Mkuu akaisogeza ile pete mbali na macho, akakunja uso, akashindwa. Akampa Inspekta. Inspekta akavaa miwani yake bila haraka, akageuza kijiti cha kwanza, akageuza cha pili, akageuza cha tatu.

"Ardhi," alisoma. "Manispaa. Wakili wa Serikali." Akamtazama Mkurugenzi juu ya fremu ya miwani. "Vyoo vyenu, mwanangu, vina majina mazito."